Conan Exiles: gemu inayolipa jasho lako, alafu inakufundisha kumfunga mwenzio kamba

Wiki hii siongelei nani kaachana na nani, wala ile harusi ya Makoko iliyoishia polisi. Wengi mmeniandikia mkiuliza kuhusu ile gemu ninayoiposti posti kila siku, kama inafaa au ni kupoteza muda. Leo naichambua yote, uzuri wake na ubaya wake. Na kama kawaida yangu majina ya watu sitaji. Mwenye kujijua atajijua.

Gemu inaitwa Conan Exiles. Imetengenezwa na Funcom, kampuni ya Norway. Ilianza kuuzwa kwenye kompyuta Januari 2017 ikiwa haijakamilika, ikatoka rasmi Mei 2018 pamoja na ya PS4 na Xbox One. Conan mwenyewe ni shujaa wa kubuni wa zamani sana. Alibuniwa na Mmarekani mmoja wa Texas, Robert E. Howard, na hadithi yake ya kwanza ilitoka kwenye jarida mwaka 1932. Na kabla sijaendelea, hii ni gemu ya watu wazima. Kwenye CD imeandikwa 18. Sio urembo ule, nitawaambia kwa nini.

Mimi nimeicheza zaidi ya mwaka sasa, sehemu tatu: kibanda cha gemu hapa Nyasho, Musoma, kwa mshikaji wangu mmoja Bunda, na sikukuu moja nilipoenda Butiama. Kila sehemu ilinionyesha upande wake wa hii gemu.

TUANZE NA UZURI

Kwanza, unaanza huna kitu. Yaani huna kabisa. Gemu inafunguka umepigiliwa msalabani jangwani, Conan anakuja anakukata unaanguka chini, anaenda zake. Huna nguo, huna kisu, huna maji. Mkononi una bangili ambayo ukijaribu kuvuka mpaka wa ile nchi inakuua. Hakuna mtu anayekuambia nenda kushoto au kulia. Kiu inapanda, njaa inapanda, jua linakuchoma mchana na usiku baridi.

Sisi wa Mara hii kitu tunaielewa haraka kuliko watu wengine. Kuna fisi, faru, swala, mbuni, tembo, na mtoni kuna mamba wamelala kama magogo. Kijana wa Bunda ambaye tembo wanatoka Serengeti wanakula mahindi ya baba yake hahitaji kufundishwa kwamba mnyama hachezewi. Mtu aliyekua anachota maji ziwani anajua husogei ukingoni bila kuangalia maji kwanza. Siku ya kwanza pale kibandani, dogo mmoja wa Mwigobero aliishi saa nzima bila kufa, wakati kaka yake anayejifanya bingwa wa mpira wa PS alikufa mara nne. Wote mara nne ni mamba. Tulicheka mpaka bosi wa kibanda akatutishia kuzima.

Pili, na huu ndio uzuri mkubwa kuliko yote, jasho lako linalipa. Unaokota mawe na vijiti, unatengeneza sururu. Unapiga mwamba, mawe yanaingia kwenye mfuko wako. Ukipiga sana unapata mengi, ukipiga kidogo unapata machache. Mawe unajengea ukuta. Chuma unayeyusha kwenye tanuru, unapata sururu bora, ambayo inakupa mawe zaidi. Hakuna anayekuuliza una cheti gani. Hakuna anayekuambia rudi Jumatatu. Hakuna anayekuambia "tutakupigia".

Unaweza kucheka ukasema ni mawe ya kwenye tivii tu. Lakini ngoja nikwambie kitu. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yangu yale, nilienda Buhemba kwenye dhahabu. Tulikuwa sita kwenye duara moja. Tulipiga mwamba karibu miezi mitatu, chakula cha mkopo, tunalala kwenye turubai, mwenye duara anasema vumilieni vijana, likitema tunagawana mifuko. Likatema. Tulitoa mifuko ile ya mawe mchana, tukaipanga, tukalala tunahesabu kila mtu atanunua nini. Asubuhi mwenye duara hayupo na mifuko haipo. Simu haipatikani mpaka leo.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipopiga mwamba kwenye Conan Exiles, nikaona namba inaongezeka pale pale, kila pigo na malipo yake, sikutaka kuachia pedi. Na sio mimi tu. Angalieni vijana wanaojaa pale kibandani: mmoja anabeba mizigo stendi, mwingine anaparua samaki, mwingine ana diploma na anauza vocha. Wote wanakaa wanapiga mawe. Mtu wa nje akiona anasema hawa wavivu. Sio wavivu. Mvivu haipendi hii gemu hata dakika kumi, maana ni kazi mwanzo mwisho. Hawa ni watu wenye hamu ya kufanya kazi inayolipa.

Tatu, unaweza kupanda popote. Mlima, ukuta, mti, jabali, kama una pumzi unapanda. Na unajenga unavyotaka, kibanda au kasri. Pale Nyasho hakuna intaneti, tunacheza ile ya peke yako, kwa hiyo mhusika ni mmoja wa kibanda kizima. Tumempa jina Mzee wa Kazi. Unalipa buku yako, unacheza saa moja, unampokea mwenzio alipoishia. Mmoja anachonga mawe, anayefuata anajenga, wa jioni anawinda. Ile nyumba juu ya jabali imejengwa na watu zaidi ya ishirini, wengine hawajawahi hata kukutana. Siku moja mtu alibomoa ukuta kwa makusudi, akasusiwa pale kibandani wiki nzima. Sijawahi kuona vijana wa mjini wanalinda mali ya pamoja namna ile. Kwa hilo naipa kumi juu ya kumi.

SASA UBAYA

Tuanze na mdogo. Gemu ina makosa ya kiufundi, na toleo letu la CD ambalo halijawahi kusasishwa ndio balaa. Inachukua muda mrefu kufunguka, kama umelipia kwa saa unaona hela inaungua. Kuna adui anakwama kwenye jiwe anabaki anatembea palepale kama mlevi. Kuna wakati unazama ardhini. Kuna wakati inazima tu yenyewe inakurudisha mwanzo. Na umeme ukikata katikati, bosi wa kibanda anasema saa yako imeisha.

Ubaya wa pili ni wa wanaocheza kwa intaneti, na hapa ndio naingia Bunda. Mshikaji wangu alikuwa dereva bodaboda, pikipiki ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa bosi. Akanunua PS4 iliyotumika kutoka Mwanza, akawa anawasha hotspoti ya simu anaingia kwenye seva za Ulaya, zile ambazo mnakuwa watu mpaka 40 na mnaruhusiwa kuvamiana.

Kwenye seva ile, ukizima gemu dunia haizimi. Mwili wako unabaki umelala pale pale, mtu akikukuta anaweza kukuua. Nyumba yako usipoingia siku kadhaa inaanza kuoza yenyewe. Na saa za kuvunja nyumba za watu zimepangwa, ni jioni ya Ulaya, ambayo kwetu ni usiku. Kwa hiyo jamaa akawa mlinzi wa usiku wa nyumba ambayo haipo. Analala alfajiri. Abiria wa mabasi ya asubuhi, wale wenye hela, wanachukuliwa na wenzake. Shemeji alianza kwa kumtania, baadaye akawa hamtanii tena, ananyamaza tu.

Nilimuuliza, kwani ukilala itakuwaje? Akanijibu, "Bro, nimejenga miezi minne. Hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kujenga kikasimama." Nikakosa la kumjibu, maana nilielewa.

Siku moja bando iliisha saa mbaya. Aliporudi hewani alikuta uwanja mtupu. Ngome imevunjwa, masanduku yamebebwa, hamna hata jiwe. Mwezi huo huo, hesabu zilivyolala, bosi akaja kuchukua pikipiki. Simsemi ili achekwe. Alinipa ruhusa niandike, akasema waambie tu wasicheze ya kwenye seva kama wana kazi ya asubuhi. Saa hii anaosha magari, na PS4 aliiuza ikalipa kodi ya chumba.

Ubaya wa tatu ni uchi. Wahusika wa hii gemu wanaweza kuonekana bila nguo kabisa. Lakini kwenye mipangilio kuna sehemu unachagua: uchi usionekane, uonekane kidogo, au wote. Ni kubonyeza mara chache tu. Pale kibandani baadhi yetu tulikuwa tunauzima, na kuna mtu alikuwa anauwasha tena, akisema unavuta wateja. Wateja gani? Watoto wa shule ya msingi na sare zao, wanasimama nyuma ya benchi saa kumi jioni. Tuliongea naye, akasema mteja ni mteja.

Sasa siku moja akaingia mama mmoja muuza samaki anamtafuta mwanae. Aliangalia tivii, akaangalia watoto, akatuangalia sisi watu wazima tuliokaa mbele. Hakutukana. Alienda ukutani akachomoa waya, akamshika mwanae mkono akatoka. Kibanda kizima kimya. Tangu siku ile uchi umezimwa, na kuna karatasi mlangoni: gemu ya Conan ni kuanzia miaka 18. Kwa hiyo kosa sio la Norway peke yake. Wao waliandika 18 na wakaweka sehemu ya kuzima. Sisi ndio tulihitaji mama wa samaki aje kutusomea.

UBAYA AMBAO SIKUUTEGEMEA

Huu niliuonea Butiama. Nilienda sikukuu kwa rafiki yangu, yeye ana PS4 kwao. Babu yake ni mzee wa zamani kweli, mtu wa bao. Mnajua Butiama na bao, Mwalimu mwenyewe alikuwa mchezaji mzuri. Babu akavuta kiti. "Babu shikamoo." "Marahaba, endeleeni, nami nione bao lenu."

Kabla sijasimulia alichosema, nieleze gemu inavyokwenda ukishakua. Mwanzo unafanya kila kitu mwenyewe. Ukifika mbele, gemu inakuonyesha njia ya mkato: watumwa. Unatengeneza rungu na kamba. Unaenda kwenye kambi ya watu, unampiga mmoja rungu la kichwa anazimia, unamfunga kamba, unamburuta mpaka kwako. Unamweka kwenye gurudumu kubwa la mateso, analisukuma akizunguka, unamlisha uji, mpaka roho yake inavunjika. Kuanzia hapo ni wako. Kuna wa kupika, wa kufua chuma, wa kulinda, hadi wa kukuchezea ngoma. Hawalipwi. Aliye hodari akikaa kwenye tanuru au karakana yako, kazi inaenda haraka na malighafi inatumika kidogo, na kuna vitu vizuri huvipati bila yeye.

Basi nikawa namburuta mmoja, Babu anaangalia. Akauliza, "Huyo kakukosea nini?" Nikasema hajakosea Babu, namchukua akanifanyie kazi. Akanyamaza. Alafu akauliza, "Huyo kwao ni wapi?"

Nikamwambia Babu, huyu ni kompyuta tu, sio mtu. Akasema, "Najua sio mtu, mimi sio mtoto. Nimekuuliza kwao wapi."

Na jibu lipo. Kwao ni Darfar. Hawa Wadarfari ndio watu wa kwanza unaokutana nao kule kusini mtoni, kwa hiyo ndio wa kwanza wachezaji wengi wanajifunzia kufunga kamba. Darfar haipo duniani, ni nchi aliyoibuni yule Howard, ila aliiweka kusini, watu wake weusi, na akawafanya wala watu. Zile hadithi za miaka ya 1930 ndivyo zilivyotuona, na gemu ya 2018 imechukua vile vile. Kwa hiyo mimi, kijana mweusi wa Musoma, nimekaa Butiama, kwenye kijiji alichozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, naburuta mtu wa sura yangu kwa kamba, na nalisha uji ili asukume gurudumu. Niliposema neno Darfar, Babu alitikisa kichwa akarudi kwenye bao lake. Hakunigombeza.

Labda kijana wa Norway anaona ni mambo ya kale ya kwenye sinema. Kwetu soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873. Sio mbali hivyo. Kuna koo humu nchini bado zinajua nani alichukuliwa na hakurudi.

Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ni kile cha Buhemba. Angalieni gemu ilivyopangwa. Inakuanzisha kama mchimbaji, jasho lako na mawe yako, haki tupu, ndio maana unaipenda. Alafu ukishanogewa inakuambia: sasa umekua, acha kupiga mwamba, tafuta wa kuteseka kwa niaba yako. Maendeleo kwenye hii gemu ni kutoka kuwa mmoja wa wale sita na kuwa mwenye duara. Na kwenye toleo letu kuna njia ya kumfunga mtu, kumvunja na kumtumikisha, ila njia ya kumwajiri ukamlipa hamna. Nimeitafuta menyu nzima. Waliwaza mpaka mbolea, lakini mshahara hawakuuwaza.

Niliporudi Nyasho nikawasimulia wenzangu. Ubishi uliowaka pale sijawahi kuona hata siku ya Simba na Yanga. Wengine walisema ni gemu tu, mbona kwenye nyingine tunaua watu na hulalamiki. Na wana hoja. Yule wa diploma akasema kuua kwenye gemu ni hasira ya dakika moja, lakini hii inakufundisha mpango, unamlisha mtu uji siku baada ya siku ukisubiri avunjike. Tukapiga kura. Mzee wa Kazi akafungua nyumba yake, watumwa wote kumi na moja wakaondolewa. Tunachimba wenyewe.

Matokeo yake? Ni taratibu. Chuma kinachelewa, silaha zetu za kawaida, na juzi ile jeshi inayokuja kuvamia nyumba ilitubomolea upande mzima, maana hatuna walinzi. Tukajenga tena kwa zamu. Wengine wameacha wamerudi kwenye mpira. Waliobaki ni kama kumi, na nyumba bado imesimama juu ya jabali.

KWA HIYO INAFAA AU HAIFAI?

Inafaa, kwa mtu mzima, isiyo ya seva, uchi umezimwa, na una saa yako ya kuanza na saa yako ya kuacha. Kama una kazi ya asubuhi, ya kwenye seva usiiguse. Kama una kibanda cha gemu, soma kilichoandikwa kwenye CD kabla mama mtu hajaja kuchomoa waya.

Ila tusidanganyane kwamba vijana wanajaa kule kwa sababu wana laana ya gemu. Wanajaa kwa sababu ni mahali ukipiga jiwe mara mia unalipwa mara mia. Siku mwenye duara akigawa mifuko kama alivyoahidi, siku "tutakupigia" ikapigwa kweli, benchi la kibanda litapungua watu lenyewe bila mahubiri ya mtu.

Nawasikiliza hapo chini. Wewe ungewaachia wale watumwa kumi na moja, au ungebaki nao? Na usiniambie ni gemu tu. Niambie sababu.